Kumshusha Kudra

Muuguzi Justa alitandika gunia sakafuni, akalipigapiga kwa kiganja kulitoa vumbi, akasema, "Haya mama, mshushe."

Zamda hakumshusha. Alizidi kumkumbatia mwanawe, kama mtu aliyeambiwa amtupe.

"Chini?" aliuliza.

"Sasa huko juu kuna nini? Chini, mama. Gunia safi hilo, nimelifua mwenyewe."

Ilikuwa kliniki ya watoto pale Manundu, mjini Korogwe, na mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama tangu asubuhi. Zamda alikuwa ametoka Azimio, kile kijiji kipya upande wa Handeni, juu ya lori la mahindi, akalala Ngombezi kwa mumewe Mhina katika kambi ya wakata mkonge, kisha akaja kwa miguu na Kudra mikononi. Mikononi, si mgongoni. Miguu ya Kudra ilikuwa migumu, imepishana kama mkasi, na ukimweka mgongoni alijinyoosha akateleza kama mchi. Kwa hiyo alibebwa akiwa amelazwa, kama mtoto wa juzi, na huku alikuwa anakaribia kutimiza miaka miwili. Mabega ya Zamda yalikuwa yanawaka moto.

"Kudra hajawahi kuwekwa chini," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu tuhamie."

"Hajawahi? Hata siku moja?"

"Bibi yake hataki."

Justa alikuwa mwanamke mnene kutoka milimani Usambara, na alionekana amechoka kuliko hao waliokuja kutibiwa. Wala hakugomba. Aliketi mwenyewe sakafuni, akatanua miguu, akanyoosha mikono. Zamda akampa mtoto.

"Siku aliyozaliwa, alilia?"

"Hakulia. Mkunga alimpulizia, akammwagia maji. Tulishakata tamaa ndipo akalia."

"Basi ni hapo. Alikosa pumzi, ubongo ukaumia. Si jicho la mtu. Si kitu ulichokula. Si wewe. Umenisikia, mama Kudra? Si wewe."

Zamda alisikia. Lakini neno lile lilishuka taratibu, kama tonge lililokwama kooni. Tangu mtoto azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kwenye zahanati waliyoipitia kabla, waliangalia macho ya Kudra na ulimi, wakasema atakua tu.

Justa alimlaza Kudra kifudifudi, akaiviringisha kanga akaiweka chini ya kifua chake, akatia kikombe cha bati mbele, karibu lakini si mkononi. Kudra alikandamiza uso kwenye gunia akapiga yowe. Zamda aliruka.

"Kaa, mama."

"Analia!"

"Nasikia, si kiziwi. Mtazame shingo."

Zamda akatazama. Katikati ya kulia, kichwa cha Kudra kilinyanyuka, kikatikisika, kikaanguka. Kulikuwa kudogo mno kunyanyuka kwake. Kama si kuambiwa, asingegundua.

"Umeona? Hiyo ndiyo kazi yake. Ukimnyanyua kila akilia, kazi hiyo unamnyang'anya." Baadaye Justa alimwonyesha jinsi ya kumkalisha juu ya gunia lililoviringishwa, miguu huku na huku kama mtu aliyepanda punda, na jinsi ya kumbeba ubavuni miguu ikiwa imetanuliwa. Alimwonyesha pia namna ya kukifungua kile kidole gumba kilichojificha ndani ya ngumi. "Kila siku. Ukisonga ugali, awe chini. Ukipepeta, awe chini. Kitu usimpe, kiweke akitafute."

"Atatembea?"

"Sikudanganyi. Sijui. Ninachojua ni kwamba akilala hivihivi hadi umri wa shule, viungo vitakakamaa, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya. Sasa bado ni laini. Sasa ndio wakati wenyewe." Justa alijishika goti akainuka. "Haya, nani anafuata?"

*

Njia nzima ya kurudi Zamda alirudia kichwani yale aliyoonyeshwa. Alikuwa na imani na kurudiarudia. Kwenye darasa la jioni la watu wazima alikaa msimu mzima akiandika jina lake kwa mkono uliotoka kushika jembe, na wenzake wakimcheka kwamba herufi zake zimelewa. Kisha siku moja herufi zikasimama. Kwa nini mtoto naye asisimame?

Mama mkwe wake, Bibi Mwatumu, alimpokea Kudra mlangoni kabla ya salamu, akamlaza mikononi, akamfuta mate kwa ncha ya kanga. Alikuwa mwembamba, mgongo umeanza kupinda, lakini kwa mjukuu yule alikuwa na nguvu za kijana. Zamda akiwa kwenye shamba la kijiji, yeye alishinda naye. Alimpondea ndizi kwa vidole, akamfukuzia nzi. Kabla Kudra hajakitaka kitu, alishawekewa mkononi.

Zamda alieleza yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akacheka bila furaha.

"Kwa hiyo Mshambaa wa Korogwe ndiye wa kutufundisha kulea."

"Mama, si kulea. Ndiyo dawa yake."

"Dawa gani haina mzizi wala kidonge? Dawa ya kumtupa mtoto chini alie, watu wapite waseme kwa Mhina mtoto hana wenyewe?"

"Kule alilala sakafuni, na hakudhurika."

"Sakafu ni sakafu. Mimi nazungumzia ardhi." Bibi alishusha sauti. "Kitovu chake kiko Kwekibuyu. Nilikizika kwa mikono hii. Udongo wa hapa haumjui. Tulishushwa hapa kwenye lori kama magunia, hata tambiko hatukufanya, hata kuaga hatukuaga. Mtoto mwenye afya ukimweka kwenye ardhi ngeni anaugua. Sembuse huyu?"

"Mbona watoto wote wa hapa wako chini, mama, na vitovu vyao viko hukohuko?"

"Hao wana bibi zao."

Yakaisha. Zamda alimfahamu mama mkwe wake, akijibu kwa kifupi namna ile ndiyo amefunga mlango na komeo. Na Mhina, alipoulizwa kule kambini, alikuwa amejikuna kisogo tu akasema, "Wewe msikilize mama."

Akajaribu kitanda. Jioni, akitoka shambani, alimlaza Kudra kifudifudi juu ya kitanda cha kamba na kuweka kanga chini ya kifua. Kamba zikabonyea, mtoto akazama katikati kama yuko kwenye shimo, uso ukafunikwa na matandiko, Zamda akamnyakua kwa hofu. Akaweka mkeka juu ya kamba, ukabonyea vilevile. Akajaribu kumkalisha mapajani miguu imetanuliwa, mkono mmoja ukimshika, mwingine ukikoroga mboga, na mboga ikaungua. Siku nyingine alisinzia amemkalisha hivyo, akazinduka Kudra ameinamia moshi, macho yanamtoka machozi. Asubuhi chuma cha kuwaita watu kiligongwa, wote shambani. Jioni ni maji, kuni, kupika, darasa. Darasani akawa anaandika herufi zilizolewa tena.

Bibi hakukataa kila kitu. Alikubali kukifungua kidole gumba, maana hilo, alisema, hata wao walilijua. Lakini kushusha, hapana. Na kila Zamda alipomtazama Kudra, aliona miguu ile imepishana zaidi, au pengine ni macho yake tu yaliyochoka.

Siku moja alirudi akamkuta Bibi ameketi kizingitini, Kudra mikononi, na kivuli kimewahama lakini wao hawajahama nacho. Bibi alikuwa hawezi kuinuka. Kiuno kilikuwa kimemkamata tangu mchana, na hakumwita mtu.

"Si ungemlaza japo kitandani, mama."

"Anazama kule. Nimeona mwenyewe."

Zamda alimchukua mtoto, akampa mkwewe mkono, akamwinua taratibu. Alipokuwa anamkanda kiuno kwa maji ya moto, neno likamtoka bila kulipanga.

"Mama, kama udongo wa hapa haumjui, kwa nini tusimletee ule wa kwao?"

Bibi aligeuza shingo akamtazama.

"Wewe hujui kitovu kilipo," akasema. "Lazima niende mwenyewe."

*

Kwekibuyu haikuwa mbali sana, lakini kurudi huko kulikatazwa. Mwaka uliopita mgambo walikuwa wamekuja, wakatoa makuti mapaani, na wale waliorudi kinyemela kulala kwenye magofu yao walitolewa kwa aibu. Ikabidi waende kwa Mzee Mdoe, balozi wa nyumba kumi, ambaye walimkuta ananoa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnasemaje?"

"Tunaomba ruhusa kwenda Kwekibuyu," Zamda akasema.

"Kuhamia?"

"Kuchukua udongo."

Mdoe aliacha kunoa. Alimtazama Zamda, akamtazama Bibi, akatazama ardhi yote iliyomzunguka. "Udongo. Huku serikali imetuletea kila kitu ikasahau udongo?"

"Mdoe, usijifanye mtoto wa Ulaya," Bibi akasema. "Umekulia Kwekibuyu, umenyolewa Kwekibuyu. Ni wa kitovu cha mjukuu wangu."

Mzee alirudisha macho kwenye panga lake. "Mimi siku hizi masikio yamekuwa mabovu. Nimesikia mnakwenda kuni. Kuni hazina kibali. Mrudi kabla ya jua kuzama, nisije nikaambiwa watu wangu wamegeuka watoro."

Waliondoka mapema, siku isiyo ya shamba. Zamda alimweka Kudra ubavuni kama alivyofundishwa, miguu huku na huku, na kila hatua mtoto alijikaza akijaribu kujinyoosha, na Zamda akamkunja tena. Bibi alitangulia na fimbo. Aliongea njia nzima: hapa palikuwa shamba la fulani, hapa pana maji hata kiangazi. Walipofika akanyamaza.

Hapakuwa na Kwekibuyu. Palikuwa na majani marefu kupita kichwa. Kuta za udongo zilikuwa zimelowa masika yote zikalainika zikawa vichuguu, na moto wa kiangazi ukapita juu yake. Bibi aliingia majanini akisema, "Hapa ni kwa Semboja, kwa hiyo sisi ni hapa." Kisha akasimama. "Hapana. Hapa ni kwa Semboja." Akaenda mbele, akarudi. Alitafuta shina la mgomba, ule mgomba alioufanya alama nyuma ya nyumba, na migomba yote ilikuwa imeliwa na nguruwe. Aligonga ardhi kwa fimbo, akasikiliza, kana kwamba ataitikiwa.

Zamda aliketi juu ya jiwe akamtuliza mtoto. Aliona ile kanga mgongoni mwa Bibi ikipotea majanini na kutokea tena upande mwingine, mara nyingi, hadi akashindwa kutazama.

Mwishowe Bibi alisimama mahali, akapiga magoti.

"Ni hapa," akasema.

Zamda akasogea. Vigingi viwili vilivyoungua vilikuwa bado vimesimama, na ardhi ilikuwa nyeusi, laini, imechanganyika na punje kavu za mavi. Ilikuwa zizi la mbuzi. Alilijua vizuri. Alipokuwa uzazini amelala ndani, mlango ukiwa wazi, zizi lile ndilo alilolitazama siku hadi siku, nalo lilikuwa mbele ya nyumba. Mgomba ulikuwa nyuma.

Bibi aliinua uso. Mwanamke yule ambaye tangu Zamda aolewe hakuwahi kumuuliza hata chumvi imetosha, sasa alikuwa anamngoja aseme.

"Ndipo hapa, eh, mama Kudra?"

Zamda alimwangalia Kudra, akaiangalia ile mikono ya kizee iliyokwishashika udongo.

"Ndipo hapa, mama," akasema.

Wakachimba kwa panga, wakajaza kikapu.

Kurudi, Zamda alikuwa na kikapu kichwani na mtoto ubavuni. Jua lilikuwa kali. Bibi hakutangulia tena, alikuja nyuma, fimbo yake ikiburuzika. Walikwenda hivyo kitambo kirefu. Kisha sauti ikatokea nyuma.

"Hapakuwa pale."

Zamda hakugeuka, kikapu kingemwagika. "Najua, mama."

"Ulijua tangu pale?"

"Nilijua."

"Mbuzi wangu walilala pale. Unadhani siijui harufu ya mbuzi wangu?"

Hawakusimama. Baada ya hatua kadhaa Bibi akasema tena, kwa uchovu, kama mtu anayejisemea, "Tulikwenda, lakini. Kama kuna wazee waliobaki kule makaburini, wametuona tumekwenda." Na baadaye kidogo: "Nimembeba mwaka mzima, mwanangu. Mgongo umekufa. Nilikuwa nangoja nipate pa kumshushia."

Zamda alitembea na macho yaliyojaa, na kwa sababu ya kikapu hakuweza hata kujifuta.

*

Walimwaga ule udongo uani, upande wenye kivuli asubuhi, wakausawazisha. Bibi alisoma Fatiha, akaita majina ya wazee wake taratibu kwa Kizigua, akamwagia maji. Kisha yeye mwenyewe, si Zamda, akatandika gunia, akamlaza Kudra kifudifudi na kanga chini ya kifua.

Kudra akalia. Alilia kilio cha mtoto aliyesalitiwa. Jirani alichungulia akauliza kuna nini, mnamchinja? Bibi akamjibu aende akatazame chungu chake. Lakini hapohapo mikono yake ilikwishafika chini ya kwapa za mtoto, na kabla Zamda hajafungua kinywa, Kudra alikuwa juu, begani, akilambishwa asali.

"Mama."

"Nimesahau. Mkono umekwenda wenyewe."

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Zamda akiwapo, Bibi alivumilia kidogo, akiwa amejifunga mikono yake kwenye kanga kama mtu mwenye baridi. Kudra alianza kunyanyua kichwa na kukaa nacho juu, akala udongo, akapiga chafya, akakitazama kikombe cha bati bila kukifikia. Lakini Zamda hakuwa nyumbani mchana, na mchana ndio mrefu. Akirudi alimkuta mtoto begani mwa bibi yake, nguo safi, magoti hayana hata alama ya vumbi. Akiuliza, Bibi alisema, "Alikuwa chini, sasa hivi tu nimemnyanyua." Wote wawili walijua si kweli, na wote wawili walikuwa wamechoka mno kubishana.

Usiku mmoja Zamda alisema tu, bila ukali, "Sisi hatutakuwapo siku zote, mama."

Bibi alimvutia Kudra kanga hadi kidevuni.

Asubuhi chuma kiligongwa. Zamda alikwishachelewa. Alimlaza Kudra juu ya gunia, akaweka kikombe, akachukua jembe. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbali kidogo, uso ameugeuzia ukutani.

"Nenda, watakuhesabu mtoro," akasema.

Zamda hakuwa amefika kwenye nyumba ya tatu kilio kikaanza. Akapunguza mwendo. Alikijua kilio kile na alijua pia mwisho wake: kingepanda, kingekatika ghafla, na kukatika kule kungekuwa mikono ya Bibi. Wenzake walimpita na majembe yao. "Mama Kudra, mwanao huyo!" mmoja akasema. "Humsikii?"

"Nasikia."

"Na unakwenda?"

Akasimama. Kilio kilipanda. Akangoja kikatike. Hakikukatika. Kilishuka, kikapanda tena kwa hasira, kikawa na mapumziko madogo ndani yake, kama ya mtu anayebeba mzigo akiutua na kuuinua. Katikati yake akasikia sauti ya Bibi Mwatumu, imepasuka, nayo inalia au inakaribia kulia: "Haya, mama yangu. Haya, kinyanyue kichwa. Sikusaidii. Sikusaidii, haya."

Miguu ya Zamda ilitaka kurudi. Alibana mpini wa jembe. Mbele, mstari wa watu ulikuwa umekwishaingia shambani, na mahindi yalikuwa bado mafupi. Akaanza kutembea, polepole, akiinamisha sikio nyuma, akiomba kilio kile kisinyamaze.